Mama na Ziwa la Juu

Jumatano, 11 Juni

Kliniki ya watoto hapa Kibiti tangu saa mbili. Mizani moja, mama zao foleni hadi nje ya zahanati, na mtoto mmoja kanikojolea begani. Saa sita Mjomba Salumu akapiga simu kutoka kwao Mama, juu milimani Umatumbini. Mama hataki kushuka. Alipanda miezi mitatu iliyopita kumzika dada yake, Mama Mkubwa, akasema atarudi arobaini ikipita. Imepita. Sasa anashinda ukingoni mwa ziwa, mvua jua, hasemi na mtu.

"Njoo umchukue mama yako, mwanangu," kasema Mjomba. "Watu wameanza kumwogopa."

Nimeomba ruhusa ya siku kumi. Nimepewa. Nina hasira zaidi ya wasiwasi.

Alhamisi, 12 Juni

Basi mpaka Chumbi. Kisha bodaboda, mpaka dereva alipokataa. Njia ilikuwa bado inapitika. Kasema tu huko juu haendi. Saa tatu kwa mguu. Ukungu. Baridi ya kuvaa sweta.

Ziwa limekaa kwenye bonde la mawe, vilele viwili vimelibana. Jeusi, la mviringo. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Mimi nimekulia Mbuchi, kwa baba. Maji ninayoyajua yana kelele: yanajaa, yanakupwa, kaa wanatatarika mikokoni. Haya kimya. Hata chura hakuna.

Nyumba tisa, nane zimelipa ziwa kisogo. Mlango unaolitazama ni mmoja tu, wa marehemu Mama Mkubwa. Ndimo alimo Mama.

Amekonda. Aliponiona hakushangaa.

"Umekuja kunichukua," akasema. "Bado."

Ijumaa, 13 Juni

Presha yake nzuri. Nimemuuliza siku, mwezi, majina ya wajukuu. Kajibu yote, kisha kanicheka.

"Akili ninayo, Mwajuma."

Kila alfajiri, akishaswali, anachomeka kijiti pale maji yanapoishia. Vijiti vimejipanga safu ukingoni na maji yameviacha vyote. Cha jana kiko hatua nne kutoka majini. Akishachomeka anainama, anaweka sikio kwenye mwamba, anakaa hivyo hata robo saa.

Kanieleza. Chini ya ziwa kuna tundu. Hukaa miaka limeziba. Siku likizibuka maji yote huondoka kwa asubuhi moja, na aliyemo huondoka nayo. Yeye na Mama Mkubwa walipokuwa wasichana, liliondoka na mdogo wao, Mwanaidi, akiteka maji. Hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Mama Mkubwa alikuwa akisikiliza, kijiji kikipona kwa masikio yake. Sasa hayupo.

"Unamsikiliza nani?" nikamuuliza.

"Anayevuta."

Simwamini. Nimeona wazee wengi wakianza hivi.

Jumamosi, 14 Juni

Wanawake wanateka maji palepale, wanaingia hadi magotini. Chemchemi nyingine ni mwendo wa nusu siku. Zaina, mkaza mwana wa Mjomba, kasema mtu akikwambia kila siku maji yanaondoka, mwisho humsikii tena.

Mchana kibuyu cha Zaina kilimponyoka. Upepo haukuwepo. Kibuyu kikaelea, kikaenda. Polepole, moja kwa moja hadi katikati, kama kinachofuata njia. Hapo kikasimama wima, kikazama.

"Kilikuwa na ufa," kasema Zaina.

Baadaye, Mama akiwa ndani, nikaweka sikio mwambani. Mwanzo baridi ya jiwe tu. Kisha pumzi. Ndefu, inaingia. Nikangoja itoke. Haikutoka.

Nimeogopa. Sikumwambia Mama. Nimemwambia Mjomba tumshushe kesho, kwa machela ikibidi.

"Atakataa," kasema Mjomba.

Shauri la kumlaza kwa vidonge nililitoa mimi. Jioni nimemtilia vitatu kwenye chai, vile vya mzio vinavyoleta usingizi. Kanywa yote. Kanishukuru.

Jumapili, 15 Juni



Alfajiri Mama hakuamka. Mjomba alikuwa uani anafunga machela. Mimi nikatoka mlangoni. Niliviona vijiti kwanza. Maji hayakuwepo karibu navyo. Hatua thelathini, labda zaidi. Wanawake watano walikuwa wameyafuata na ndoo zao, ukungu umewazunguka, hawajui wamefika wapi.

Nikapiga kelele. Wanne wakageuka wakakimbia. Zaina alikuwa mbele zaidi.

Ikaja sauti. Si kishindo. Kama mtu anayemalizia uji bakulini. Maji yakaanza kuzunguka, yakamvuta Zaina hadi yakamfika kiunoni, kifuani. Tukafunga kanga ncha kwa ncha, tukamrushia. Mara ya kwanza hazikufika. Mara ya pili alishika kwa mkono mmoja. Tulivuta hadi bega likateguka. Hakulia. Muda wote uso wake ulikuwa nyuma, kule katikati.

Kufika saa mbili ziwa halikuwepo. Tope tupu, na katikati tundu jeusi, mtu anaweza kuingia amesimama. Pembeni yake mitungi. Mitungi ya kizamani, masufuria, ndoo za plastiki, vyote vimelala, midomo imeelekea tunduni.

Nimemrudishia Zaina bega.

Mama kaamka saa nne. Akakaa kitako, akatazama nje muda mrefu.

"Nilikuwa nalisikia," akasema. "Nalisikia, nataka kuamka, mwili hautaki."



Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia. Vidonge vitatu, kwa mkono wangu. Akachambua mchele, akauosha, akauinjika. Ndipo akauliza:

"Angekufa mtu, ungeniambia?"

Nimemjibu sijui. Ni kweli, sijui.

Jumanne, 17 Juni

Maji yanarudi. Yanatoka chini, ya uvuguvugu.

Zaina kaja, mkono umefungwa shingoni. Kakaa karibu na Mama mwambani, kaomba afundishwe. Mama kamshika kichwa, kakilaza kwenye jiwe.

Walipomaliza nikamuuliza aliona nini juzi, alipokuwa akitazama nyuma.

"Sikuona kitu, dada. Nilisikia naitwa. Ila jina si langu."

"Jina gani?"

Alimwangalia Mama kwanza.

"Mwanaidi."

Mama akainuka, akaingia ndani, akaswali. Haukuwa wakati wa swala.

Alhamisi, 19 Juni

Tumeshuka. Mama mwenyewe kasema, "Sasa." Zaina tumemwacha mwambani, anasikiliza. Katembea mbele yangu njia nzima, hakutaka kushikwa.

Chumbi tumekula wali na kambare, tukapanda basi. Kabla hatujafika darajani kalala begani kwangu. Usingizi wake mwenyewe, si wa vidonge. Nikamwamsha, nikamwambia tumefika. Hatukuwa tumefika. Akalala tena. Nikamwamsha tena, nikasema hayohayo.

Mara ya tatu alinishika mkono, akakaa macho mpaka Kibiti.