Vema Moja, Visanduku Viwili

Jumamosi, 1 Machi

Fomu imetoka! Karatasi moja tu, visanduku viwili: MSINGI. SEKONDARI. Tia alama ya vema kwenye kimoja. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi: uchaguzi huu haubadilishwi. Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa tarehe 21, saa nane mchana. Kabla ya hapo kila mwanachuo atakaa wiki moja shule ya msingi na wiki moja sekondari, ajionee mwenyewe.

Mwenzangu wa chumbani — Redio, maana hazimiki — alitia vema yake akiwa bado kwenye foleni. Sekondari. Anasema hana mpango wa kufunga watu kamba za viatu maisha yake yote.

Nikampigia Mama. Mama amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na tatu, shule ileile, chumba kilekile, na mwisho wa muhula huu anastaafu. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. Unajaribu nini tena, mwanangu, fomu yenyewe si ya kujaza umesimama? Mwalimu mkuu wake ameshaandika barua ya kuniomba. Darasa lake litakuwa langu!

Na kwa nini lisiwe? Nina miaka ishirini na mitatu na kimo cha mtoto wa darasa la sita. Kaka ananiita Nukta tangu nikiwa mchanga. Watoto wananipenda, nami nawapenda. Nimekaa kitandani na fomu yangu nikicheka peke yangu kama mwehu.

Jumatatu, 3 Machi

Sitini na mmoja! Watoto sitini na mmoja, na kila mmoja ana jambo la kuniambia. Mmoja kapata mdogo wake. Mmoja ana kidonda na anataka nikione. Mmoja alikuja mpaka mezani, akasema, "Ticha, mimi nipo," akarudi kukaa. Basi. Alitaka nijue.

Mama amekaa nyuma anakagua, uso mkavu, kama hajawahi kuniona. Somo: herufi M. Nilivuma mmmmm mpaka midomo ikawasha, na wote sitini na mmoja wakavuma nami. Mwalimu wa chumba cha pili akaja kuchungulia kama nyuki wametuvamia.

Sauti imekwisha. Furaha imenishuka mpaka magotini.

Jumatano, 5 Machi

Jino! Lilitoka katikati ya somo la kutoa. Mtoto akaja mbele, kiganja kimefumbwa, mdomo una damu kidogo: "Ticha, meno nimetoa moja." Hesabu sahihi kabisa. Nikampa vema.

Halafu kuna yule kimya wa dawati la pembeni, ambaye siku mbili nzima hajafungua kinywa. Leo ubaoni niliandika ma, nikaandika ma nyingine. Akatazama ubao, akanitazama mimi, akarudi kwenye ubao. "Mama?" Kwa mshangao — kama mtu aliyekuta jina la ndugu yake gazetini. Nikambeba juujuu. Hairuhusiwi kubeba watoto. Nilimbeba. Kule nyuma Mama aliinama ghafla, akajifanya anatafuta kitu chini ya dawati.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeagwa kwa nyimbo tatu. Ya nne waliisahau katikati, wakaamua kupiga makofi tu.

Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanionyesha nakala ya barua. Akasema binti wa Mwalimu, sisi tunakusubiri wewe tu. Mama alinisindikiza hadi getini amenishika mkono, na kila mzazi tuliyepishana naye anaambiwa: huyu ndiye. Huyu ndiye!

Imekwisha. Wiki ya sekondari ni kumaliza soli za viatu. Nilitoa kalamu nitie vema leoleo, Redio akanizuia — angalau ufike wakuone, anasema, uwape kitu cha kucheka.

Jumatatu, 10 Machi

Redio ana mdomo mbaya.

Getini mlinzi alinisimamisha. Wewe binti, sare yako iko wapi, na mbona unachelewa? Nikamwambia shikamoo mzee, mimi ni mwalimu. Akaitikia marahaba, akaniambia nipange mstari na wachelewaji wengine. Nikapanga! Nilisimama pale dakika kumi na watoto wa watu, mpaka mwalimu wa zamu akaja kuniokoa.

Kidato cha pili B, hisabati. Wana mwalimu mmoja tu wa hisabati kwa vidato vyote vinne. Alinikabidhi kipindi kama mtu anayetua gunia. Nikaingia. Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyevuma. Watu arobaini wakubwa, wengine na ndevu, wakinitazama kama tangazo la zamani ukutani. Niliandika mpaka nilipofikia. Robo tatu ya ubao ikabaki safi juu ya kichwa changu. Sauti kutoka nyuma: "Madamu, tukuletee kiti?"

Walicheka vizuri, lazima niseme. Hata mimi nilicheka, kwa bahati mbaya.

Jumanne, 11 Machi

Wameleta kiti.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeumbuka, na sijui kwa nini mwili mzima unanisisimka.

Kuzidisha namba hasi. Nikasema hasi mara hasi ni chanya, andikeni. Wakaandika. Mmoja hakuandika: msichana anayekaa dirishani, sweta limetoboka kiwikoni, tangu Jumatatu hajanipa hata nusu ya jicho. Akauliza, "Kwa nini?"

Nikasema ndiyo kanuni.

"Hiyo naijua. Nauliza kwa nini."

Nikasema ndivyo ilivyo. Akanitazama kwa huruma — huruma! — akasema polepole, bila ufidhuli wowote, "Kumbe na wewe hujui."

Darasa likapiga kelele za furaha. Kengele ikalia. Nami nikabaki na chaki mkononi, juu ya kiti.

Sijui kweli! Nimesoma hisabati miaka yote hii, nimepasi, nimepewa cheti, na sijui. Sikula mchana. Nimekaa maktaba nachora mistari ya namba kwenye kila karatasi niliyoikuta, pamoja na risiti ya mtu. Msimamizi wa maktaba ameniambia mara mbili nipunguze kujisemesha.

Alhamisi, 13 Machi

NIANZE WAPI!

Niliwatoa nje. Nikachora mstari wa chaki kwenye sakafu ya baraza: sifuri mlangoni mwa darasa, namba chanya zikielekea mlingoti wa bendera, hasi zikielekea tangi la maji. Nikamsimamisha kwenye sifuri yule mvulana mrefu aliyeniletea kiti. Hasi tatu mara hasi mbili, nikamwambia. Hasi ya kwanza: geukia tangi. Hasi ya pili: tembea kinyumenyume. Hatua mbili, mara tatu. Akarudi kinyumenyume, akarudi, akarudi — akafika kwenye sita. Upande wa bendera! Darasa likashangilia kana kwamba kafunga goli.

Yule wa dirishani alikuwa ameegemea nguzo. "Hiyo ni dansi, Madamu. Siyo sababu."

Nilitaka kumkumbatia na kumnyonga kwa pamoja. Nikampa chaki. Nikasema haya, andika hapo chini unachokijua kwa hakika. Akachuchumaa. Tatu mara hasi mbili, hasi sita. Mbili mara hasi mbili, hasi nne. Moja mara hasi mbili, hasi mbili. Sifuri mara hasi mbili, sifuri. Wenzake wakamzunguka, hata aliyekuwa anasinzia.

"Jibu linapanda," akasema. "Kila mara linapanda mbili."

Nikasema endelea. Sauti yangu ilitoka kama ya panya.

"Ukitoka sifuri, inayofuata ni hasi moja mara hasi mbili. Halafu jibu..." Chaki ilikatika. Akaokota kipande. "Ni mbili. Lazima iwe mbili! Haina pengine pa kwenda!"

Na pale, jamani, mvulana mrefu akabisha! Akasema nani kaipa amri iendelee kupanda? Wakaanza kugombana. Kuhusu hisabati! Kengele ya mapumziko ikalia na hakuna aliyeondoka. Mwalimu wa zamu alikuja mbio akidhani watu wanapigana. Nikamwambia ndiyo, wanapigana, niachie.

Nimerudi chuoni bila kujua nimepita njia gani. Redio aliniuliza nimekunywa nini.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya mwisho. Hawakuimba. Walinipigia saluti moja ya kejeli, na mlinzi akafungua geti zima kama kwa gari la mkaguzi.

Msichana wa dirishani alinifuata mpaka barabarani akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Swali: sifuri ukiigawanya kwa sifuri unapata nini? Yeye ana majibu matatu na anayaamini yote. Akaniambia nimjibu Jumatatu.

Sina Jumatatu. Nilishindwa kumwambia.

Jumapili, 16 Machi

Nyumbani. Mama ameleta droo yake yote ya shuleni, kaimwaga kitandani. Vizibo vya kuhesabia, mia mbili, ameviosha. Kadi za herufi, kazitia nailoni upya. Amefua mpaka pazia la darasa. Akanieleza kiti kipi mguu wake unacheza, dirisha lipi halifungwi hadi ulipige ngumi, mzazi yupi usimwambie ukweli asubuhi. Mimi ndiyo, Mama. Ndiyo, Mama. Ndiyo.

Kaka — ni fundi umeme, amekuja kutengeneza swichi ya ukumbini — alinivuta jikoni. "Nukta, una sura ya mtu aliyemeza ufunguo."

Nikamwambia. Nikamweleza na ile hasi mara hasi, nikitembea kinyumenyume kati ya jiko na sinki mpaka nikagonga kabati. Alicheka, akafuta machozi, kisha akaacha kucheka. Utamwambia lini? Nikasema kabla ya Ijumaa. Akauliza Ijumaa ya mwaka gani.

Mama akaita kutoka chumbani: mbona mnacheka bila mimi?

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwa mkufunzi wetu wa hisabati kuomba ushauri. Tunamwita Desimali kwa sababu hakadirii kitu. Miadi yake ilikuwa saa tisa na dakika saba. Nilitaka kumuuliza: ukiwa na kitu unachokiweza na kitu kinachokushinda, na hicho kinachokushinda ndicho kinachokuamsha asubuhi, ufanye nini?

Ila nilianza na ile karatasi ya sifuri gawanya kwa sifuri, kidogo tu, kupasha moto. Akavua koti. Tulijaza ubao, tukaufuta, tukaujaza tena. Majibu yote matatu ya yule msichana yanaweza kuwa sawa, kumbe, na hiyo ndiyo shida yenyewe! Nilitoka saa kumi na moja nikiruka ngazi mbilimbili.

Nimefika chumbani ndipo nikakumbuka kwamba fomu sikuitaja kabisa.

Jumatano, 19 Machi

Nimetia.

SEKONDARI. Vema kubwa, mkia wake umetoka nje ya kisanduku. Redio alipiga kigelegele mpaka jirani akagonga ukuta.

Sikimbii kamasi wala kamba za viatu, nataka niliandike hilo mahali. Wale sitini na mmoja ningewafundisha vizuri, na ningekuwa na raha. Ningekuwa Mama, mfupi kidogo. Hilo ndilo linanitisha na ndilo linaniuma. Sekondari ninaogopa kila asubuhi nikivaa viatu — na navaa haraka!

Barua ya mwalimu mkuu. Pazia limefuliwa. Mungu wangu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimempigia Mama mara nne. Mara ya kwanza tuliongea kuhusu mvua. Ya pili mvua. Ya tatu aliuliza kama naumwa. Ya nne nikakata kabla hajapokea.

Ijumaa, 21 Machi

Saa tano kasorobo asubuhi. Naandika nikiwa kwenye dawati la nyuma kabisa, darasa la Mama, magoti yamefika kidevuni. Naandika ili nisikimbie.

Nilikuja na fomu kwenye bahasha, nimwambie wakati wa mapumziko. Mapumziko yakapita, nilikuwa nimejificha chooni. Mwishowe nikaingia darasani katikati ya somo, watoto wakasimama wote, "Shikamoo Ticha!" — nami mbele ya sitini na mmoja nikamkabidhi Mama bahasha. Akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena, kidole kikipita juu ya ile vema, mkia wake na vyote. Akairudisha kwenye bahasha. Akaishika. Akanionyesha kwa kidevu: kakae.

Nikakaa.

Ameendelea na somo kama kawaida, silabi, ta te ti, dakika kumi nzima, bahasha mkononi. Hanitazami. Chuo kiko mwendo wa dakika arobaini. Saa nane.

Sasa yule wa "mimi nipo" amenyoosha mkono. Ticha mdogo ndiye anakuja kutufundisha?

Mama kasimama. Kaiangalia bahasha. Kasema hapana. Kasema nyinyi mtamkuta mbele. Huko mbele anawasubiri.

Mbele wapi, Ticha? Mbali?

Hebu tuhesabu, Mama kasema. Toeni vidole. Leo tuko darasa la kwanza. Vidole sitini na kimoja juu. La pili! La tatu! Wanapiga kelele, madawati yanatikisika, mtoto wa mbele yangu amehesabu kidole kimoja mara mbili. La nne! Mama anahesabu kwa bahasha, anaipiga kwenye kiganja, kila darasa pigo moja, na anakuja huku nyuma, anapita katikati ya madawati, la tano, miwani imeteremka puani na bado sioni macho yake, la sita, watoto wamegeuka wote kunitazama, la saba, sasa anasema kidato cha kwanza na wengine wamepotea hesabu, wanaazimana vidole, na amefika dawatini kwangu, amenyoosha bahasha: shika, mwanangu, irudishe kabla ya saa nane.