Nguzo Nne za Ghorofa ya Chini

Almaty, Jumapili mchana

Kaka Masanja,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute Masumbwe mzima, wewe na wifi na watoto. Mguu wa Mama umepoa? Mvua je, imeshuka? Mimi mwili hauumwi, ila moyo haujatulia. Nakuandikia wewe kwa sababu Mama hawezi kusomewa haya.

Nilikwambia ofisi yetu imepata kazi kubwa. Kiwanda cha nguo kilichofungwa Muungano wa Kisovieti ulipovunjika kinabomolewa, nasi tunachora mtaa mzima mahali pake: maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kuishi juu, na magari chini ya ardhi. Walimu walionifundisha uchoraji wa majengo siku hizi wanauza soksi sokoni. Nilijiona mwenye bahati.

Mwezi uliopita mwenye mradi akataka nguzo nne za ghorofa ya chini ziondolewe, ili duka lake la magari lionekane lote kutoka barabarani. Mzee Viktor, injinia wetu, akakataa. Mji huu una matetemeko, Kaka. Mara nyingine vikombe hugongana kabatini.

"Juu ya hizo nguzo watalala watu," alimwambia.

Siku ya tatu tulimkuta hospitali, mkono umevunjika mahali pawili. Anasema alianguka ngazini. Galina, mkewe, aliniangalia, akatikisa kichwa.

Basi michoro, nguzo zimefutwa, ikaletwa mezani kwangu nitie sahihi badala yake. Wanaume wawili wa mwenye mradi walisimama nyuma ya kiti changu, mmoja anatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda sakafuni.

"Weka sahihi, binti. Una ndugu hapa?"

"Sina."

"Basi nani atakutafuta?"

Nikawaambia lazima nihakiki vipimo kwanza. Wakatoka kuvuta sigara. Nikazirudisha zile nguzo kwa wino, nikaandika chini yake kwamba bila hizo jengo litaua watu, nikatia sahihi hapo. Nikaikunja ile karatasi, nikapita mlango wa nyuma, nikakimbia kwenye theluji bila koti mpaka ofisi ya mji inayokagua majengo. Mkaguzi, mama wa makamo, aliisoma mara mbili kisha akagonga muhuri.

"Kazini usirudi," akaniambia. "Na kwako usilale."

Ujenzi umesimamishwa mpaka nguzo zirudi. Lakini mwenye mradi anaulizia anakokaa yule Mwafrika, na katika mji huu wote sisi weusi tunahesabika kwa vidole. Nitajificha wapi?

Niko kwa Galina; mumewe bado yuko hospitali. Tumesukuma kabati mlangoni. Mtu akipanda ngazi tunanyamaza mpaka apite. Najua utasema njoo nyumbani. Pasipoti yangu imo kwenye droo ya ofisi. Galina amekwenda kumwomba mfagiaji aitoe. Ametoka asubuhi, bado hajarudi.

Wifi mwambie namkumbuka kila nikipika ugali wa unga wa ngano. Mzee Jamal wa duka la vitambaa Nyasubi, anayetupokelea barua, mshukuru sana. Mama mwambie baridi ni kali, basi.

Ukijibu, jina langu usiliandike juu ya bahasha. Andika la Galina peke yake. Kama nipo, atanipa.

Mdogo wako,
Kabula