Mstari Nyuma ya Kiti Changu

Jumanne, 10 Juni

Mungu wangu, suruali ya mteja nimeishona mguu mmoja ndani nje. Jina langu limepita kugombea udiwani! Chama kimeagiza kila tawi lisimamishe mwanamke na mwanamume, wanachama wachague mmoja. Wazee wa tawi wakasema tumtie Mama Pacha wa cherehani, ndiye mimi, huyo atajitoa mwenyewe. Na mpinzani ni nani — shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, diwani wa miaka yote. Kapita kibandani anacheka. Shemeji, jitoe tu, cheo kibaki nyumbani. Nikamwambia kitabaki nyumbani, ila safari hii nyumbani kwangu. Akaacha kucheka.

Jumatano, 11 Juni

Mume wangu hanitazami usoni. Anakula, ananawa, anatazama ukuta. Nimemuuliza atasimama kwa nani, maana tawini kwetu hakuna karatasi za kura. Unapanga mstari nyuma ya kiti cha mtu wako, watu wote wakikuona. Eti Jumapili, siku yenyewe ya kuchagua, ana mzigo wa kupeleka mbali. Dereva hakosi safari akiitaka. Sikumlaumu, kaka ndiye aliyemlea. Ila nimelia kidogo kwenye sala.

Ijumaa, 13 Juni

Siku tamu! Mkutano huwa asubuhi, wanawake wote wako sokoni. Leo tumemfuata katibu, tumemwomba uwe alasiri. Akashangaa, mbona miaka yote hamkulalamika? Muuza samaki akamjibu, miaka yote hamkutuuliza. Amekubali! Njiani mmoja akasema akisimama kwangu mumewe atamlaza nje. Mwenzake akamwambia njoo kwangu shoga, kitanda kipana na mimi sikoromi. Tumecheka mpaka mbavu zikauma.

Nikapita kumjulia hali mama mkwe. Miguu imemkataa siku nyingi, anaishi kwa shemeji. Akasema yule nimemzaa, wewe umenifulia nikiugua, msinipasue. Sikuomba kura. Nimemsugua miguu, nikaaga.

Jumapili, 15 Juni

Naandika humu stoo ya ukumbi. Wagombea tumefungiwa, eti tusiwatishe watu kwa macho. Viti vyetu viko mbele ya ukumbi: chake ameweka kofia, changu nimetandika mtandio. Shemeji kajibanza kwenye ufa wa mlango ananitangazia kama mpira wa redioni. Muuza samaki yuko kwako. Yule mwingine naye yuko kwako, na mumewe anamkodolea. Ee Mola nishike.

Sasa katibu anasema mistari imelingana. Amebaki mama mkwe peke yake, amekaa katikati, kaletwa kwa gari la shemeji. Shemeji anatabasamu. Mama hawezi kuniaibisha, anasema, anakula kwangu.

Namsikia katibu akimuuliza mama yuko upande gani. Sauti ya mama: niinueni na kiti changu.

Shemeji anasema wamempata mtu wa kumwinua upande mmoja, bado mwingine. Kisha — huyo si mdogo wangu? Si alisafiri?

Nimeshika kalamu kwa mikono miwili.

Wanatembea. Nasikia viatu, na mwanamke mmoja kapiga kigelegele, wamemnyamazisha.

Shemeji hatangazi tena. Ametoka kwenye ufa, amekaa juu ya ndoo. Tazama mwenyewe, shemeji, anasema, mama yuko nyuma ya mtandio wako.