Uliketi Penye Nguzo ya Wageni

Savaii, Samoa

Mwanangu Lafaele,

Nakusalimu wewe, mkeo na wajukuu zangu. Natumaini mlifika Auckland salama na yule mdogo tumbo limetulia. Sisi huku tu wazima, ila goti langu halinipi raha mvua ikikaribia. Barua ya kwanza niliichana, ilikuwa na maneno ya hasira mno. Hii nayo sijui.

Uliposema unakuja kututembelea nililia kwa furaha. Tangu baba yako afariki, cheo chake cha mkuu wa ukoo, cha Taumaleva, hakina mtu, na ukoo mzima ulikuwa unakungoja wewe, kifungua mimba. Baba yako mdogo Pesamino alishatenga nguruwe. Halafu nakuja kusikia kwa muuza mikate kwamba umeshafika na umelala hotelini mjini. Mwanangu, mama yako unamwacha na mikeka ameshaitandika?

Nikapanda basi kukufuata huko na kikapu changu cha majimbi na majani ya kupikwa kwa tui. Kijana wa getini akaniambia kwa adabu kwamba mama, chakula cha nje hakiingii. Ukatoka umefurahi, ukanieleza kuwa nyumba hiyo ilikuwa ya hakimu wa New Zealand, enzi walipotutawala, na kwamba mbao za sakafu ni zilezile za zamani. Nikakwambia nazijua. Babu wa baba yako alisimama juu ya mbao hizo akahukumiwa jela kwa kuvaa lavalava ya wapinga utawala, shuka ya kiunoni waliyoipiga marufuku. Ukasema kumbe, ukapiga picha nyingine.

Hayo ningeyameza. Lakini siku uliyokuja kijijini, Pesamino alikuketisha penye nguzo ya wageni, pale wanapoegemea wasio wa nyumba. Akakushukuru kwa kuvuka bahari, akakupa kikombe cha kwanza cha ava, kinywaji chetu cha heshima, kama anavyopewa mtu wa mbali. Mimi nyuma pale nakukodolea macho: inuka, mtoto, sema wewe ni wa nyumba hii, nenda jikoni ukabebe sinia na wenzako. Wewe unatabasamu, unakula. Losa dada yako ndiye aliyekupepea nzi, ukamwambia asante sana kama mhudumu wa hotelini. Shangazi yako Sieni akaninong'oneza kwamba mwanangu kapokewa vizuri, bado tu kuimbiwa wimbo wa kuaga. Nikajifanya nakohoa. Haikupita saa, dereva wenu akapiga honi.

Najua hukukusudia. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Jumamosi ukoo ulikaa. Pesamino alisema wewe usubiriwe, pengine utarudi. Kisha akaniuliza mimi, ingawa si damu yao, kwa kuniheshimu kama mjane. Nikasema mpeni Losa. Ni mimi, usimlaumu mwingine. Losa akalia, akasema basi atakushikia tu mpaka uje. Nikamkatalia mbele ya watu wote. Baba yenu alipolala kitandani hajiwezi, nani alimgeuza, nani alimlisha? Cheo ni chake, hamshikii mtu.

Pesamino akacheka, akauliza huyu Taumaleva mpya atahudumiwa na nani, maana hana mdogo wa kiume wa kumpikia. Nikajibu kaka yake yupo, atakuja Krismasi, atalala hapa na atapika kwenye tanuri la mawe kama vijana wengine. Watu wakaangua kicheko. Sieni akasema labda aje na dereva wake. Wacheke, mimi nimeshaahidi, na sikukuuliza kwanza kwa sababu niliogopa utakataa.

Msalimie mkwe wangu, kitambaa alichoniletea nimeshakishona gauni la kanisani. Wabusu watoto. Hasira bado ninayo, tena nyingi, na ninakupenda vilevile. Nijibu upesi unakuja au huji, kwani kila Jumapili Sieni ananiuliza, na mimi namwambia unakuja.

Mama yako,
Meripa