Kidonda Hakifungi, Mume Ndiye Mshitakiwa

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Jumapili maana nimeshaamua ila roho inanisuta, na jina langu litaje tu redioni, mimi ni Mama Yunis wa Malinyi, nina miaka sitini na mbili, na miezi miwili iliyopita nilijikata na panga kwenye muundi wa mguu nikifyeka majani jarubani, kwenye shamba letu la mpunga, kidonda cha urefu wa kidole tu, wala sikushtuka, kwa sababu nikiwa na mimba ya Yunis nilijikata vibaya zaidi na wiki haikuisha nikapona, lakini hiki hakifungi, kila asubuhi nakipaka majivu ya pumba naingia kwenye mpunga kupalilia peke yangu, jioni nakikuta kibichi, na dada yangu Bernadeta alipokiona akauliza Baba Yunis yuko wapi, nikasema yuko kambini mtoni anavua, akacheka, akasema usihangaike na dawa, kidonda cha mke hakifungi kama mume ana mwanamke nje, nikakumbuka kweli kilianza kutoa maji alipokwenda kambini, basi aliporudi nimemhamishia stoo ya mpunga, anaapa mpaka machozi yanamtoka, na Jumapili nimewaita ndugu zake waje wamchukue, ndoa ya miaka arobaini naivunja, je, nakosea?

Mama Yunis, marahaba. Pole kwa mguu. Kwa ulilomfanyia mumeo sina pole.

Ndani ya ngozi yako kuna seli ambazo wataalamu huziita seli shina. Kazi yao ni kuzaa ngozi mpya na kuziba palipokatika. Ulipokuwa na mimba ya Yunis zilikuwa na haraka. Leo nyingine zimechoka, nyingine hazipo tena, na zilizobaki zinachelewa kuitika, tena jua lililokuchoma ukilima miaka yote limezipunguzia nguvu. Ngozi imekuwa nyembamba, na jeraha lililopona kwa wiki moja sasa linataka wiki kadhaa. Huo ni umri, mama, hata mimi unanijia. Hakuna mwanamke wa kambini anayehusika hapo.

Lakini miezi miwili ni mingi hata kwa umri wako. Umeandika mwenyewe kwamba unapaka majivu na kusimama kwenye tope kutwa. Kinachojengwa usiku unakibomoa asubuhi, halafu unamshitaki mvuvi! Maji yalianza kutoka alipoondoka kwa sababu palizi yote ilibaki kwako. Hilo Bernadeta hakuliona?

Kesho, sio wiki ijayo, nenda kituo cha afya wakichunguze kidonda na wakupime sukari, maana sukari nayo huzuia kidonda kufunga. Majivu acha kabisa. Osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa bandeji safi, na jarubani usikanyage mpaka watakapokuruhusu. Palizi afanye Baba Yunis, na huyo dada yako mwenye nafasi ya kuchunguza ndoa za watu mpe jembe asaidie.

Kikao cha Jumapili usikiahirishe. Wapikie shemeji zako, kisha simama mbele yao useme, "Nilimsingizia mume wangu," na umtoe stoo wakiwa wanaona. Akinuna wiki mbili tatu, vumilia. Naye ni mtu mzima, na hapo ulipomkata hapafungi kwa siku moja.