Kipoza Oili cha Upande wa Dereva

Jumatatu, 4 Machi

Taa ya oili imewaka tena. Mlimani, kona ileile. Gari ni la marehemu kaka, sasa la wifi. Mimi nililiazima kwenda kuripoti maporomoko upande wa pili. Taa ilipepesa, ikazimika nilipomaliza kona. Sikusimama. Pale sisimami.

Jioni nimemwambia wifi. Wiki ijayo anaanza kazi mpya ng'ambo ya mlima, anahamia huko na mtoto, na gari ndilo hilo. Alikuwa anakunja mashuka. Hakuacha kukunja.

"Kazi yako si kuuliza watu maswali? Kaulize basi. Ukiniambia gari ni zima, napanda na mwanangu. Ukiniambia bovu, silitaki hata uani."

Yaani mimi ndiye nitakayesema. Haya.

Jumanne, 5 Machi

Gereji. Fundi ni yuleyule wa kaka, rafiki yake wa tangu shule. Wanamwita Kobe — gari likiingia kwake, hutoka limesahau njia ya kwao.

Nimemweleza kuhusu taa. Hakufungua boneti. Alipiga magoti kwenye gurudumu la mbele, upande wa dereva, akavua plastiki ya ndani ya madigadi. Hapo ndipo kilipo kipoza oili: kama rejeta, ila kidogo, ukubwa wa kitabu. Oili ya moto inapita humo, inapoa, inarudi kwenye injini. Mahali pabaya. Upepo haukifikii, mawe yanakifikia.

Napajua. Mwaka jana jiwe lilipasua mpira wake wa kupitisha oili. Taa ikawaka, kaka akaegesha kando ya kona, akaacha injini inaunguruma ili aone panapovuja. Akachuchumaa hapo hapo, mgongo barabarani. Lori. Habari ya ajali niliiandika mimi. Zamu ile hakukuwa na mwingine. Aya tatu.

Injini nayo ilikauka oili, ikafa. Kobe akaweka nyingine.

"Na kipoza?" nimemuuliza leo.

Kafuta mikono. Kafuta tena.

"Kilekile. Nilikiosha kwa petroli."

Alhamisi, 7 Machi

Kobe kakipasua kipoza kwa msumeno mbele yangu. Ndani, chenga za chuma, laini, zinang'aa kama magamba ya samaki. Injini ya kwanza ilipokuwa inakufa ilijisaga, na unga wake ukaingia humo. Petroli haikuutoa. Mwaka mzima kipoza hiki kimekuwa kikiilisha injini mpya mabaki ya ile iliyokufa. Mlimani, oili ikipata moto na kuwa nyepesi, presha inashuka, taa inawaka.

Nimemuuliza kama hakulijua hilo.

"Nilijua. Injini ikijisaga, kipoza kinatupwa. Hata anayejifunza leo anajua." Kageuza ile braketi iliyokishikilia. "Lakini hii alichomelea kaka yako, hapa, kwa mkono wake. Tazama alivyopindisha! Nilimcheka siku nzima. Nikashindwa kutupa, dada."



Injini kaifungua chini, kaikagua: imekwaruzika, haijaumia. Tumewahi. Kipoza kipya ni kikubwa mara mbili. Kobe alitaka kukibana palepale kwa sababu mipira ya zamani inafika. Nimekataa. Nimetaka kikae mbele, nyuma ya bampa.

"Kwa ajili ya upepo?"

"Kwa ajili ya atakayekikagua. Asimame mbele ya gari, si barabarani."

Kobe kanitazama. Kisha kachukua futi ya kupimia.

Vipande vya kile cha zamani nimevibeba. Viko barazani, juu ya gazeti.

Ijumaa, 8 Machi

Kimefungwa. Mipira mipya mirefu imepitishwa upande wa abiria, mbali na ekzosi. Matundu ya bolti ya mahali pa zamani Kobe kayaziba, kaosha madigadi kwa sabuni mpaka ikarudi rangi. Hakuwasha injini mara moja: kachomoa waya za plagi, kaizungusha kwa stata hadi oili ikajaa kipoza na taa ikazimika. Ndipo akawasha. Kaongeza oili, maana kipya kinakunywa zaidi. Kapitisha kitambaa cheupe kila kiungio. Kikavu.

Nyumbani: gazeti barazani limelowa. Nililibadilisha asubuhi. Kipoza kimepasuliwa, kimeshinda juani — na bado kinadondosha.

"Wifi, unafuga nini hapo?" wifi kaniuliza mlangoni. "Kikojozi!"

Mtoto hakucheka. "Shangazi, ni cha baba?"

Nimesema ndiyo. Nimeweka gazeti jingine.

Jumamosi, 9 Machi

Nilitaka kulijaribu peke yangu. Wifi kagoma: atakayeendesha Jumatatu ataendesha leo. Mtoto kabaki kwa bibi yake.

Tumepanda. Kobe ameweka geji ya joto la oili. Sindano imetulia katikati. Gari la mbele lilikuwa linatambaa, wifi kapiga honi: "Nenda basi, au tukusukume na chai kama andazi?" Tumecheka. Kwa mara ya kwanza humu ndani.

Kona. Taa haikuwaka. Nikasema: ni zima, wifi, twende.

Kaegesha kando.

"Ni hapa?"

"Hapa."

Kashuka, injini hajaizima. Nilidhani anakwenda mbele kukiona kipya. Kachuchumaa kwenye gurudumu, upande wake. Nimemwambia hapo hapana kitu sasa. Hata mpira haupiti.

Nimeweka pembetatu ya tahadhari nyuma ya gari, nimesimama kati ya wifi na barabara. Daftari liko juu ya boneti. Nikiwa sina la kufanya, naandika.

Wifi kaingiza mkono ndani ya madigadi. Kautoa. Kidole cheusi.

"Hii oili."

Nimemwambia ya zamani, imebaki. Ainuke.

Kainusa. Hajainuka.

"Mbona ya moto?"

Nimechungulia dirishani: sindano katikati, taa imezimika. Nimemshika bega, nimemvuta. Zito. Kaingiza mkono tena, mpaka kiwiko. Chini ya kona lori linabadili gia, bado silioni —