Osha Bao la Baba, Mkwe Kanibana

Tanga

Masunga mdogo wangu,

Ondoa hao kuku. Habari zote ninazo: bao la baba sasa ni chombo cha pumba, kuku wanadonoa kwenye mashimo yaliyolainishwa na mikono ya baba. Ati huna muda wa kucheza, kuna pamba. Baba alilima pamba hiyo hiyo, tena kwa jembe la mkono, na jioni akacheza. Huna haya.

Haya, mwangaluka. Shikamoo yako nimeipokea hata kama hujaitoa. Mgongo wako vipi? Na yule ng'ombe mwekundu kazaa au bado anatudanganya? Mimi mzima. Magoti yananiuma kwa unyevu wa huku, lakini wajukuu wangu mapacha, Kulwa na Doto, hawaniachi hata nikae niyasikie yakiuma.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Herufi zikikushinda shauri yako, mimi na wewe tuliacha shule darasa moja. Kwa simu siwezi kuyasema haya. Kuta za nyumba hii ni nyembamba na adui yangu yumo humu ndani. Sikiliza.

Nilipofika huku kulea niliona nitakufa kwa kukosa isolo, bao letu la Kisukuma. Na hata ningepata bao, ningecheza saa ngapi? Binti yangu anauza vitambaa sokoni kuanzia asubuhi. Mimi namnywesha huyu uji, yule kashamwaga wake. Siku moja binti akachukua simu yangu, akabonyezabonyeza, akanirudishia. "Mama, bao lako hilo." Nikamwambia asinitanie. Kweli, Masunga, mashimo yamo, kete zimo, ukigusa shimo kete zinajigawa zenyewe moja moja. Sheria zao zimepinda kidogo, si isolo yetu kabisa, ila nimezizoea. Na uzuri wake ndio huu, wewe usiye na muda: hamkai pamoja. Unacheza zamu yako moja, unaweka simu, unaosha mtoto. Mwenzako naye anacheza akipata nafasi, hata kesho. Bao linawasubiri. Mimi nacheza uji ukichemka. Nacheza nikianika nguo za watoto. Tangu nizaliwe sijapata kucheza hivi na kazi zinaenda.

Mpinzani alinitafutia binti yangu. Sura humwoni, unaona jina tu. Mimi alinipa jina la Jembe, na huyo mtu aliitwa Dume. Binti akasema ni mtu tu mwenye shughuli nyingi. Na mnaweza kuandikiana maneno, basi nikamsema kama ninavyokusema wewe. Akaandika, "Jembe butu hilo." Nikamjibu, "Dume gani limekonda hivyo." Siku nilipomla vibaya nikamwandikia, "Mwambie mkeo ajifunze kupika, akili imekukauka."

Jumapili moja nipo jikoni, nangoja maji ya ugali yachemke, nikacheza. Nikala safu yake yote ya mbele. Nikasikia mwanaume sebuleni anaguna, "Aa, kanimaliza huyu." Nikachungulia. Ni mkwe wangu, Baba Kulwa, kaketi na Doto mapajani, simu mkononi. Nikasema haiwezekani. Nikaandika neno moja, "Lala." Simu yake ikalia. Akasoma, akacheka, akainua macho, akaniona mlangoni na simu yangu.

Unajua sisi na wakwe. Huyu ni Msukuma mwenzetu wa Mwamanyili, kalelewa. Tangu aoe hajanitazama usoni wala kula mbele yangu, nami jina lake silitaji. Leo nimemwita dume lililokonda. Na huyo mke asiyejua kupika ni mwanangu mwenyewe. Alitoka nje na mtoto kama nyumba inaungua. Mimi nikajifunika kanga kichwani nikabaki jikoni mpaka maji yakakaukia sufuriani.

Binti yangu alicheka hadi akalala kwenye mkeka. "Sasa mama, ningewakalishaje pamoja? Nyie mkisalimiana kila mtu anaongea na ukuta." Kumbe mumewe kule kwao alikuwa akicheza isolo Jumapili kutwa. Siku hizi anaendesha lori la saruji, bao analipata kwenye foleni ya kupakia.

Siku mbili tulipishana kama wezi. Nikafunga begi, nikasema nimejiaibisha, narudi nyumbani Lingeka. Ndipo simu ikalia. Kacheza. Kaandika, "Shikamoo mayu," mama kwa heshima zote, halafu kanila bila huruma hata kidogo. Nilifurahi mpaka nikakaa chini. Angeniachia kete kwa adabu ningepanda basi siku ile ile. Begi nililifungua.

Sasa ndani ya nyumba tunaongea na ukuta kama zamani, na kwenye simu tunachinjana. Yeye, "Shikamoo mayu," ananila. Mimi, "Marahaba baba," namla.

Lakini safari hii kanibana. Upande wangu wa kulia ni mtupu, kete zangu zimelundikana kwenye shimo moja kushoto, naye analinyemelea. Anatembea humu ndani akipiga mluzi. Dawa yake alikuwa nayo baba. Alikuwa akijifanya amesahau shimo la pembeni, unaliingia, umekwisha. Mimi ndiye nilikuwa naingia, kwa hiyo nakumbuka kicheko chake tu. Wewe ulikaa ubavuni kwake ukiiona mikono. Bao la simu husubiri wiki mbili tu, nisipocheza litanitoa, nitahesabiwa nimeshindwa na mkwe.

Barua anakuletea jirani yangu anayekuja Bariadi kwenye msiba, mpe maji ya kunywa. Msalimie mkeo, mwambie asikubebee kuni kwa ajili ya huo mgongo unaousingizia. Msalimie shangazi wa Bukundi. Na yule fundi baiskeli, mwambie bado nakumbuka alivyotupa kete nilipomfunga.

Usinipigie jioni, adui anakuwa nyumbani. Piga asubuhi uniambie baba alianzia shimo gani, mimi nitasikiliza tu. Leo hii fukuza kuku, osha bao kwa maji ya moto, lipake mafuta. Panga kete kama nilivyochora nyuma ya karatasi hii, kaa upande wa baba, na usiinuke mpaka mikono yako ikumbuke.

Wabeja,
dada yako Minza